Kikombe Kilichofunikwa

Nesi wa kliniki ya hospitali alisema maneno mawili tu, "damu ndogo," na Mama Rangi akatafuta ukuta wa kushika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye nyoka wake alikuwa amemuuma kweli, tena pabaya. Miaka michache nyuma simu ililia asubuhi, na mkwe wake wa kwanza akamwambia kwamba Kifungua, binti yake mkubwa, amejifungua, ametokwa na damu nyingi, na damu yenyewe ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Hakuwa na ya kupoteza. Mama na kichanga walizikwa siku moja. Sasa Mama Rangi alikuwa amebakiwa na Kitinda, kitindamimba wake, na huyo hapo, tumbo mbele, nesi amemvuta kope za chini kwa kidole gumba, ndani kweupe, anaambiwa maneno yale yale.

"Saba," nesi alisema. "Mjamzito tunamtaka awe na kumi na moja, na muda wenyewe mnao mdogo. Akijifungua na damu hii, akitokwa kidogo tu, tuko pabaya."

"Tufanye nini? Niambie la kufanya, mwanangu. Hata uniambie nikalime mwezini, nitakwenda na jembe langu."

"Hulimi popote, mama. Vidonge hivi ameze kila siku. Na chakula. Nyama, maini mara moja moja, samaki, maharage, dengu, mboga za majani. Damu inataka madini ya chuma, na hayo yanatoka kwenye sahani."

Kitinda akaitwa chumba cha pili kutolewa damu ya vipimo zaidi. Mama akaambiwa asubiri nje, akakaa kwenye benchi na kikapu chake mapajani, anarudia kimoyomoyo, nyama, maini, samaki, maharage, dengu, kama mtoto wa shule anayeogopa kiboko. Binti alipotoka, amebana pamba kwenye mkono, mama akamdaka. "Kasemaje huyo wa humo ndani?"

Kitinda aliitazama chupa ya chai iliyochungulia kikapuni. "Kasema nile," akajibu.

Hapa lazima zielezwe habari za chai, maana bila chai huwezi kumwelewa mwanamke huyu. Jina la Mama Rangi alipewa na mafundi wa gereji, kwa sababu ya chai ya rangi aliyowauzia pale getini, nyeusi, nzito, tamu mpaka ulimi unanata. Fundi Breki, mkubwa wa wale mafundi na mtani wake wa miaka yote, alikuwa akisema kwamba chai ile ukiitia kwenye betri iliyokufa, gari linawaka. Mama Rangi aliamka nayo, akashinda nayo, akalala nayo. Mtoto akianguka, chai. Msiba, chai. Mvua ikinyesha, chai, na jua likiwaka pia chai, ati inatoa jasho. Kwake yeye mtu aliyepewa chakula bila chai alikuwa hajapewa kitu; alikuwa amenyimwa kwa adabu.

Na nyumbani kwake kikombe kilikuwa kinasema. Ukimaliza ukakiacha wazi, unaongezwa. Ukikisogeza pembeni, umeshiba, asante. Lakini kukigeuza kifudifudi juu ya kisosi kabla hujatiliwa, hilo lilikuwa neno zito kuliko tusi: mimi na wewe basi. Bibi yake alimfunikia kikombe kaka yake aliyeuza shamba la baba yao kwa siri, na wawili hao hawakusemeshana tena mpaka mmoja alipowekwa kaburini. Watoto wa nyumba ile walijua kikombe kabla ya kujua kusoma.

Kifungua naye alikifunika. Alikuwa ameolewa na fundi redio ambaye mama yake hakumpenda, wala hakuficha kwamba hampendi. Mchana mmoja akaja kutoka mji wa mbali anakoishi na mumewe, ana mimba, amechoka. Mama akampakulia maharage. Akala akamaliza, akaomba mengine, akapangusa sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa. Mama alipoinua birika, Kifungua akakigeuza kikombe chake, akakifunika. "Leo hapana, mama," akasema, na akafungua kinywa kuongeza neno.

"Usiongeze," mama akamkata. "Umeshasema, nyumba nzima imesikia." Akaingia jikoni na birika lake, na hakutoka mpaka aliposikia mlango wa mbele unafungwa.

Kila alipoisimulia siku hiyo, uchungu wake ulikuwa palepale: kala chakula changu chote, kaongezwa, halafu chai yangu kaikataa! Siku za kujifungua zilipokaribia, Kifungua alituma watu kwamba mama aje. Mama hakwenda. Aliyekifunika ndiye akifunue, alisema. Akakaa kusubiri kuombwa radhi, na kilichokuja ni ile simu.

Kikombe kile, cheupe chenye ua la buluu, kilibaki juu ya kabati vile vile, kifudifudi. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Kitinda alikuwapo mezani siku ile, bado yuko shule, na aliona yote.

Basi vita vya damu vikaanza. Mume wa Kitinda alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yuko huku, kesho haijulikani, kwa hiyo mimba ililelewa kwa mama. Mama Rangi alikuwa wa kwanza kufika kwa muuza nyama, kabla hata hajanoa kisu.

"Mama Rangi, jana umekuja, juzi umekuja," muuza nyama alilalamika. "Ng'ombe ana ini moja tu. Siku akiletwa mwenye mawili nitakuita."

"Basi nipe nyama. Ile nyekundu, usinipe mafuta ukadhani mimi mgeni mjini."

Alipika maharage, akapika dengu, akapika mchicha na majani ya maboga. Kitinda akigeuza uso, kwa kuwa harufu ya maini ilimtia kichefuchefu, mama alimwambia mgonjwa haulizwi uji, akamsogezea sahani. Nyama yote ilikwenda kwa binti. Yeye mwenyewe alikula kilichobaki, na kilichobaki siku nyingi kilikuwa mkate na chai.

Na kwa kila sahani, kikombe. "Teremshia," alisema, huku chai inatoa moshi. Vidonge navyo vilikuwa na ladha ya msumari wenye kutu, na kwa maji Kitinda alivitapika. Mama Rangi akagundua dawa ya dawa: chai nzito, sukari tele, kidonge kinateleza chenyewe. Alijiona mjanja sana. Kitinda alikuwa na tabia moja ambayo mama yake hakuitilia maanani. Kabla ya kunywa alitupa jicho juu ya kabati, kwenye kile kikombe cha dada yake, halafu ndiyo anakunywa, taratibu, mpaka mwisho.

Damu haikupanda. Ungedhani mwanamke anayekula vile angenawiri, lakini Kitinda alizidi kupauka, midomo ikawa rangi ya majivu. Alianika nguo mbili kwenye kamba akaketi chini, anahema, mkono kifuani, moyo unakwenda mbio kama aliyekimbizwa. Siku moja mama alimfuma stoo anatafuna mchele mbichi kwa konzi, anautafuna kwa pupa na macho amefumba, na alipoulizwa akalia, akasema hajui kwa nini, mdomo ndio unautaka. Mama Rangi alikwenda nyuma ya nyumba, akajifunika uso kwa mtandio, akamwambia Mungu kwamba hata Yeye angeona aibu kumchukulia maskini watoto wote wawili.

Waliporudi kliniki, kimashine kikasema sita na nusu.

"Imeshuka!" Mama Rangi alipayuka mpaka wajawazito wote kwenye benchi wakageuka. "Imeshukaje? Huyu anakula kuliko polisi!"

Nesi aliuliza kama vidonge vinamezwa, akaambiwa vinamezwa. Akauliza kama chakula kinaliwa, akaambiwa kinaliwa. Akamwita daktari. Daktari alisoma karatasi, akaagiza dawa ya minyoo na vipimo vingine, halafu akasema wasingoje muujiza: walete ndugu na jamaa watoe damu, iwekwe tayari, maana binti huyu akishikwa na uchungu hali ikiwa hivi, itakuwa kufa na kupona.

Walipofika nyumbani ndipo Mama Rangi alipolipuka.

"Unaitupa wapi?"

"Nini, mama?"

"Chakula! Maini ninayoyagombania na mbwa na watu, unampa nani? Unamwaga chooni? Niambie!"

"Nakula, mama. Si unaniona? Nakula kila unachonipa."

"Basi kinakwenda wapi?"

Kitinda aliinamisha kichwa. Machozi yakamdondokea tumboni, akayaacha. Kuanzia siku hiyo mama akawa anakaa mbele yake kila mlo, kiwiko mezani, anahesabu kila tonge kwa macho kama askari jela, na sahani ikiisha anamimina chai mwenyewe, nyeusi kuliko ya jana, kwa kuwa nayo aliihesabu kuwa dawa. Mtu akikata tamaa huongeza anachokijua. Yeye alichokijua ni majani ya chai.

Kuhusu watu wa kutoa damu, ndugu walianza visingizio. Mmoja ana presha, mwingine anaogopa sindano, wa tatu simu yake ikawa haipatikani ghafla. Mama Rangi hakubembeleza mtu. Alikwenda gereji saa ya chai, akaacha birika chini bila kummiminia mtu, akapanda juu ya tairi la lori.

"Wanangu," akasema. "Nimewanywesha miaka yote hii. Sijawahi kuwaomba kitu. Leo naomba damu."

Kelele za nyundo zikakoma. Mafundi walitazamana.

"Mama Rangi," Fundi Breki akasema, anafuta mikono kwa tambara, "ukitukamua sisi si itatoka chai?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Alivua kofia. "Twende," akasema. "Wewe na wewe, zimeni hiyo injini."

Walifika hospitali na ovaroli zao za grisi, watu wakiwapisha kwenye korido. Mama Rangi alitangulia mbele ya foleni na mkono wa nguo ameshaukunja, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na damu ya kwanza ilikuwa lazima iwe yake. Mpima damu, mwanamume mfupi ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, akamtoboa kidole. Akatazama kimashine. Akatoboa kidole kingine.

"Mama, wewe hutoi."

"Sitoi kwa nini? Nimezeeka?"

"Si uzee. Damu yako haikutoshi wewe mwenyewe, utamgawia nani? Inabidi nawe upimwe vizuri. Unakula nini?"

"Nakula tu. Mkate. Chai."

"Chai unakunywa saa ngapi?"

"Muulize saa ngapi hanywi!" Fundi Breki akadakia kutoka nyuma.

Mpima damu hakugeuka. "Unakunywa pamoja na chakula?"

"Sasa chakula bila chai kinapitaje?"

"Kinapita vizuri sana. Tatizo ni hiyo chai. Ukiinywa na chakula, tena nzito, inayashika yale madini ya chuma humo tumboni, hasa ya maharage na mboga, mwili unaambulia kidogo. Unakuwa kama mtu anayechota maji kwa pakacha. Sikukatazi chai yako, mama, lakini ukishakula kaa saa moja, hata mbili, ndiyo unywe. Na kwenye chakula kamulia limau, au kula chungwa. Hayo yanasaidia."

Mama Rangi alimsogelea. "Na vidonge? Mtu akimeza vile vidonge vya damu kwa chai?"

"Kwa chai nzito? Sehemu kubwa anaitupa." Hapo ndipo mpima damu alipomtazama sawasawa. "Kwani wewe si mama wa yule binti wa sita na nusu? Haya yote nilimweleza siku ile ya kwanza, humu humu. Nikamwambia amweleze na anayempikia. Hakukwambia?"

Mafundi waliingia mmoja mmoja kulala kwenye kitanda cha kutolea damu. Mama Rangi hakuwasubiri. Alitoka na mkono wa nguo bado ameukunja, akavuka barabara bila kutazama, dereva mmoja akamtukana, naye hakusikia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Chake kilikuwa kwenye birika, na alikuwa amekipuliza moto kwa mdomo wake mwenyewe.

Alimkuta Kitinda mezani, maharage yamefunikwa, kikombe wazi kinangoja.

"Yule wa miwani alikwambia," Mama Rangi akasema akiwa bado mlangoni. "Siku ya kwanza. Alikwambia habari ya chai."

Kitinda aliitikia kwa kichwa.

"Ulijua. Kila siku ulikuwa unajua, na ukanywa. Ulitaka kufa?"

"Sikutaka kufa."

"Basi kwa nini hukunikatalia?"

"Nikukatalie vipi, mama?" Kitinda aliinua macho juu ya kabati. "Dada alikukatalia. Mimi nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Uliingia jikoni mpaka akaondoka. Halafu akakuita, akakuita tena, hukwenda." Alikuwa anazungumza polepole kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. "Nikasema moyoni, bora ninywe, damu itajua yenyewe. Kuliko nijifungue halafu wewe hupo."

"Mimi ningekuacha? Kwa kikombe cha chai?"

Kikombe chenye ua la buluu kilikuwa pale juu.

Mama Rangi alivuta kiti akakaa. Mbele yake palikuwa na sahani ya maharage. Aliyatazama yale maharage.

"Dada yako," akasema. "Alikuwa akienda kliniki kule kwao?"

"Alikuwa akienda."

"Na walisema damu yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo."

"Ndiyo."

"Alikula maharage yangu akamaliza," Mama Rangi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Kitinda akalazimika kuinama kumsikia. "Akaomba mengine. Akapangusa sahani. Mtu anayevunja na mama yake, Kitinda, anaomba kuongezwa?"

Kitinda akaweka mkono mdomoni.

"Alisema leo hapana. Hakusema basi. Alisema leo. Na alitaka kuongeza neno, mimi nikamkata. Lilikuwa neno gani? Eh? Lilikuwa neno gani?"

Nani angemjibu? Huenda Kifungua alikasirika kweli siku ile, kwa ajili ya mume wake aliyedharauliwa. Huenda alikuwa anatii nesi tu, amechoka, anafikiri mama yake ataelewa akishamweleza. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa, na hilo ndilo lililomchoma Mama Rangi kuliko yote, kwamba alikuwa na sekunde moja ya kunyamaza ili asikie, na hakunyamaza. Alilia vibaya, kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika uso, na Kitinda akamshika bega. Majuto ni mjukuu, watu husema hivyo kirahisi sana. Wake alikuwa amezikwa na mama yake.

Alipokwisha kulia alipangusa pua kwa kiganja. Akakichukua kikombe cha Kitinda kilichokuwa wazi mezani, akakigeuza kwa mkono wake mwenyewe, akakifunika juu ya kisosi. Akakata limau, akalikamulia kwenye maharage.

"Kula," akasema. "Yakipoa hayana maana."

Kuanzia hapo chai ikapewa zamu yake, mbali na chakula, nyepesi, na siku nyingine ikasahauliwa kabisa. Vidonge vilimezwa kwa maji ya limau, na Kitinda alipovitapika walingoja wakajaribu tena. Mama naye alianza kula maharage na mboga, kwa amri ya mpima damu, akilalamika kwamba chakula kikavu kinamkwama kooni, hana hakika kama atazoea. Kliniki wakapima: saba. Wakapima tena: saba na kitu. Ilikuwa inapanda, lakini inapanda kama mzee anayepanda ngazi, na mtoto hakuwa na nia ya kumsubiri mzee. Nesi alisema wiki zingine chache tu, angekuwa mahali pazuri. Wiki hizo hawakupewa. Uchungu ulimshika Kitinda asubuhi moja anachagua mawe kwenye dengu, kabla ya siku zake, na maji yakamwagika sakafuni.

Mama Rangi akafunga mfuko wa nguo. Kitinda, ameegemea meza, akamwambia, "Mama, nibebee na kikombe. Cha dada."

Mama alipanda juu ya kiti, akakishusha. Chini yake kisosi kilikuwa na duara safi katikati, na vumbi pembeni. Alikiosha upesi, akakizungushia kitambaa, akakitia mfukoni pamoja na kisosi chake.

Mlango wa chumba cha kujifungulia ulimfungia nje. Alikaa kwenye benchi, akasimama, akakaa. Alisikia binti yake anamwita, akagonga mlango, akaambiwa asigonge. "Mwambieni nipo!" akapiga kelele kwenye ufa wa mlango. "Mwambieni mama yake yupo hapa, haendi popote!" Kisha akasikia kilio cha mtoto, kidogo, chenye hasira, na kabla hajamshukuru Mungu akaona mkunga ametoka mbio na aproni yenye damu, anaita mtu alete damu kutoka kwenye friji. Aliijua habari hii. Alishawahi kusimuliwa kwenye simu.

Walipita na mfuko wa damu mbele yake, halafu mwingine. Mama Rangi alijua ni ya nani, ya Fundi Breki na vijana wake. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akasema na Kifungua. Hakumwomba msamaha, kwa sababu aliona msamaha ni kitu kikubwa mno kuombwa koridoni. Alimwambia tu, mshike mdogo wako. Msukume huku kwangu. Usimruhusu aje huko. Alisema hivyo mpaka maneno yakaisha maana, akaendelea kuyasema.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda, ndipo mlango ulipofunguliwa. Mkunga alikuwa amechoka hata kutabasamu hawezi. "Ameacha kutokwa na damu," akasema. "Ilikuwa karibu sana, mama. Bila ile mifuko, sijui. Lakini yupo. Wote wawili wapo. Acha alale kidogo, na wewe katafute kitu ule."

Mama Rangi hakula. Alikwenda gereji kwa miguu, akawaambia mafundi, na Fundi Breki akakaa juu ya boneti ya gari la mtu akalia bila kuona haya. Halafu, kwa kuwa mazoea yana taabu, alipita nyumbani akachemsha chai, akaitia kwenye chupa, akarudi nayo hospitali bila hata kufikiri kwa nini.

Kitinda alikuwa macho, mweupe kama shuka, mtoto wa kike amelala ubavuni mwake. Walikuwa wamemletea dengu na chungwa. Sahani ilikuwa tupu, imepanguswa. Kando yake, juu ya kijikabati cha kitanda, kilikuwapo kikombe chenye ua la buluu, kimefunikwa kifudifudi juu ya kisosi chake.

Kitinda aliiona chupa ya chai mkononi mwa mama yake. "Leo hapana, mama," akasema, kwa sauti ndogo iliyobaki.

Mama Rangi aliweka chupa chini, akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa.